Mkwe Hatajwi Jina

Hobley,
6 Machi 2011

Mdogo wangu Noreen,

Nakuandikia nikiwa mzima, na ninaomba barua hii ikukute umekaa vizuri, na hiyo mashine ya kusafisha damu isiwe inakuchosha kuliko ilivyo kazi yake. Joto limeanza kupungua huku, mbwa wamerudi kulala juani. Mwanangu Rhonda anakusalimu sana. Mumewe naye mzima, nasikia. Asubuhi nilisikia kikohozi chake upande wa mbele wa nyumba, nikageuka nikazungukia kwa majirani, ndiyo nikajua hakwenda kazini. Bado anaendesha greda la halmashauri, na barabara ya uwanja wa ndege siku hizi laini kama meza. Sijamsifia mimi, mji mzima unasema.

Sasa lililonifanya nitafute kalamu. Halmashauri imeajiri binti mpya wa mambo ya jamii, Kirsty, mweupe kutoka pwani, anatembea kama anakimbilia basi. Alikuja na biskuti. Mkono mtupu haulambwi, nikamwekea chai. Anasema madiwani wanafikiria kufanya kama miji mingine: kila kikao kianze kwa kutamka kwamba ardhi hii ina wenyewe tangu enzi na enzi, na kuwaheshimu wazee wao. Watapiga kura mwezi wa nane. Maneno ameshayaandika, akanisomea pale pale kwenye kibaraza. Yanasema wanawatambua watu wa Mawe, wenyeji wa ardhi ya Hobley.

Watu wa Mawe, Noreen. Sisi. Kwao mimi ndiye mzee wa mji huu, maana mimi ndiye ninayeitwa shuleni siku za sherehe, na mimi ndiye niliyekata utepe wa bwawa la kuogelea. Alipomaliza kusoma aliniangalia kama mtoto aliyeleta ripoti nzuri nyumbani.

Nilimwambia biskuti ni tamu. Nilimwambia nitafikiri.

Kula vizuri, usiwasumbue wauguzi.

Dada yako,
Elva


Adelaide,
27 Machi 2011

Dada Elva,

Barua yako niliisoma nikiwa nimefungwa kwenye mashine, kwa hiyo sikuweza kuruka, lakini miguu ilijaribu. Mimi sijambo. Hosteli yetu ya wagonjwa imepata mpishi mpya, anachemsha nyama ya kondoo mpaka inasamehe kila kitu. Ningepata mkia wa kangaruu uliotoka kwenye makaa ningepona kesho.

Dada, unafikiri nini tena? Umesahau dirisha la ukumbi ule wa halmashauri? Siku za dansi mama alikuwa akisimama nje, maana ndani watu wetu walikuwa hawaruhusiwi, na bega lake likicheza lenyewe kufuata muziki wa wenzake. Mimi nilikuwa nimeshika sketi yake. Nilikuwa mdogo lakini niliona, na iliniuma, na inaniuma mpaka leo. Sasa ndani ya ukumbi huo huo jina la watu wetu litasomwa kwa sauti, kila mwezi, na wazungu wamesimama. Mimi naweza kufa nikiwa nacheka.

Nimeshanunua gauni. La buluu, lina kola nyeupe. Daktari nimemwomba ruhusa ya kusafiri. Hajasema ndiyo, lakini hajasema hapana, na wewe unanijua mimi na hapana.

Hapa nimemwambia kila mtu. Wote wamefurahi isipokuwa Bi Myrtle wa kiti cha jirani. Huyu ni mwenyeji hasa wa uwanda huu wa Adelaide, babu na babu wa babu, na ni bingwa wa kununa. Nilimweleza habari yote, akaniuliza swali moja: "Mji wenyewe uko kwenye ardhi yenu?" Nikamjibu sisi tumezaliwa hapo. Akarudi kwenye televisheni yake. Kuna watu furaha ya mwenzao inawakaa kooni.

Mwambie huyo Kirsty ndiyo. Na mwambie aandike jina letu kwa herufi kubwa.

Mdogo wako,
Noreen


Hobley,
2 Juni 2011

Mpenzi mdogo wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Huku tulikuwa na mpira. Timu yetu imewafunga wale wenye majivuno wa kusini, na mjukuu wetu Darcy amepiga mabao manne, moja akiwa amepoteza kiatu. Rhonda, mama yake, alipiga kelele mpaka sauti ikaisha, nyumba ikapata amani siku mbili. Mvua ilinyesha kidogo, mto ukatiririka toka asubuhi mpaka wakati wa chai, kisha ukarudi kuwa mchanga. Watoto waliukimbilia na ndoo.

Bosi, yule mbwa wangu mwekundu, amekula soksi ya mchungaji. Mchungaji amesamehe, soksi haijaonekana.

Nimepika mkia wa kangaruu Jumapili. Nilikukumbuka, nikala na sehemu yako.

Lile jambo la halmashauri linaendelea. Kirsty amekuja tena, safari hii na keki.

Baki salama,
Elva


Adelaide,
20 Juni 2011

Dada,

Nimepokea kurasa tatu za mpira na soksi, na mstari mmoja wa halmashauri. Mimi si mtoto. Umenilea mwenyewe, ukifika kwenye kona najua unakokunja. Umewaambia nini wale watu? Mficha uchi hazai, na wewe una watoto sita, kwa hiyo sema.

Afya yangu ni ile ile. Ya daktari usiulize.

Noreen


Hobley,
11 Julai 2011

Noreen mdogo wangu,

Haya, nasema. Kaa kwanza, ingawa najua umekaa.

Siwezi kukubali maneno yale. Sisi ni watu wa Mawe, na Mawe ni kule vilimani, siku nzima kwa gari, kule matairi yanakokwenda kufa. Baba alishushwa Hobley na lori la ng'ombe, kwa sababu mwenye ranchi alitaka wachungaji huku, na mama akashushwa naye. Mimi na wewe tumezaliwa hapa, kweli, na kitovu changu kimezikwa nyuma ya kituo cha petroli. Lakini kuzaliwa mahali si kuwa na sauti ya kupasemea. Hilo baba alitufundisha kabla hajatufundisha kupanda farasi. Mto huu na uwanda wake wote ni wa watu wa Mtoni. Hukumbuki jinsi baba alivyokuwa hachimbi hata shimo la maji hapa bila kwanza kunung'unika maneno peke yake? Alikuwa anaomba radhi kwa wenyewe.

Na watu wa Mtoni nani amebaki? Walihamishwa wakapelekwa misheni, wengine wakafia huko. Aliyerudi ni mmoja, na wewe unamjua ni nani, na hata wewe huwezi kumtaja, maana ni mkwe wako kama alivyo mkwe wangu. Ndiye anayelala chumba cha mbele cha nyumba hii.

Sasa tazama mtego nilioingia. Kirsty ananiuliza, "Kama si nyinyi, ni nani basi?" Nifanyeje? Jina la mkwe halitoki mdomoni, hata ungenipa mji wote. Nimemwelekeza kwa mdomo, nimesukuma midomo upande wa chumba cha mbele, yeye akafikiri nataka busu. Nikamwambia amuulize mtu anayetengeneza barabara. Akaenda akamuuliza mhandisi, mzungu wa Scotland.

Nikamwambia Rhonda amtaje mumewe kwa Kirsty. Rhonda akainamisha kichwa. Anasema mumewe amemkataza. Amesema mama mkwe ameshaandaliwa kiti, na mwanamume gani anamwondoa mama mkwe kitini? Afadhali ardhi ya babu zake isomwe kwa jina letu kuliko yeye kunitia aibu mbele ya watu. Rhonda aliyasema hayo akilia. Miaka yote hii mimi na yule bwana tumepishana kwenye ua mmoja bila kutazamana hata mara moja, na sijawahi kuheshimiwa na mtu kama anavyoniheshimu yeye. Sasa heshima yenyewe ndiyo inataka kumla.

Yeye akinyamaza kwa ajili yangu, na mimi nikinyamaza kwa ajili ya lile gauni lako la buluu, jina lake litazikwa na wajukuu zetu hawatalijua, nao ni damu yake. Kwa hiyo nitawaambia waondoe jina letu. Nimekwisha kuamua. Namna ya kuliweka lake ndiyo sijui.

Nisamehe kuhusu dirisha la mama. Mimi pia nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika sketi upande wa pili.

Elva


Adelaide,
1 Agosti 2011

Dada,

Barua imefika. Wasalimie watoto. Gauni nimelirudisha dukani.

N.


Hobley,
28 Agosti 2011

Noreen,

Hukuniandikia zaidi, na mimi sikulaumu. Lakini utasoma hii, hata kama utaisoma umenuna kama Bi Myrtle wako.

Kura ilipigwa Alhamisi. Ukumbi ulijaa. Wafanyakazi wote wa halmashauri waliruhusiwa kuja, wakasimama nyuma karibu na mlango wa jikoni, na mimi nilijua nani yuko pale maana Rhonda alinikalisha mbele kabisa, akaniwekea na miwani ya jua ili nisije nikateleza macho. Bosi alinifuata. Mwenyekiti alitaka mbwa atolewe, Kirsty akamwambia mzee anakuja na anayekuja naye. Binti yule ana moyo mzuri, akili zitamfuata.

Walisoma yale maneno. Watu wa Mawe, wenyeji wa ardhi hii. Nitakwambia ukweli: nilisisimka. Nililitazama lile dirisha na kwa kitambo kidogo nikataka kukaa kimya. Lilikuwa linasikika vizuri, jina letu, ndani ya dari ile.

Kisha mwenyekiti akaniuliza kama nina la kusema. Nikasimama, nikavua miwani, nikawapa watu wote mgongo. Nilikuwa nimetazamana na ukuta, penye mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Na nikaanza kusema na mbwa.

Nilimwambia, "Bosi, wewe huna mkwe, sikiliza. Mimi ni mtu wa Mawe. Nimekunywa maji ya hapa maisha yangu yote na si maji yangu. Mwenye mto huu yumo humu ndani. Mimi siwezi kumtaja wala kumwangalia, lakini wewe unaweza. Kamwambie aseme. Akisema hanivunjii heshima. Akinyamaza ndipo ataniaibisha, maana atanifanya mwizi uzeeni."

Bosi alijikuna sikio akalala. Nilisikia madiwani wakinong'ona, na diwani mwenye duka la vyuma akasema bibi apewe maji. Sikugeuka. Nilisikia hata friji ya jikoni ikinguruma. Nilifikiri, basi, Elva, umejifanya kichekesho, na bwana yule ameshatoka kwa mlango wa nyuma.

Ndipo nikasikia buti. Zile za kazini, nazijua, kila jioni huwa nazikimbia. Zilikuja mpaka katikati ya ukumbi, zikageuka, na kwa sauti niliyoisikia nikajua naye amenipa mgongo. Tulisimama hivyo, Noreen, mgongo kwa mgongo, na mbwa katikati yetu amelala. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kuwa chumba kimoja naye tangu amwoe Rhonda.

Akasema, "Bosi, mwambie mama yule nimesikia." Kisha akajitaja, akataja babu yake, na bibi yake, na bonde baada ya bonde, mpaka kule mto unakoishia mchangani. Sauti yake nzuri, sikuwa najua. Huwa nasikia kikohozi tu. Mwisho akasema, nami nakuandikia kama alivyosema: "Bosi, mwambie. Watu wa Mawe waliletwa hapa na lori, na siku ile wa kuwapokea tulikuwa tumefukuzwa. Leo nawapokea. Maji wanywe. Kuni waokote. Wafu wao walale."

Wafu wao walale. Mama, Noreen. Unakumbuka alivyokuwa akikaa kwenye ukingo wa kiti, kila nyumba, hata yake, kama mtu atakayeambiwa ondoka? Alizikwa hapa na sidhani kama alipata usingizi. Nililia mbele ya ule mtungi wa kuzimia moto mpaka Rhonda akaja kunishika mkono.

Karani wa kikao aliuliza aandike msemaji alikuwa anamhutubia nani. Mwenyekiti akafikiri, akamwambia aandike mbwa. Kisha wakafuta jina letu, wakaandika watu wa Mtoni, wakapiga kura. Watano walinyoosha mikono, wawili walitazama viatu vyao, yakapita. Kirsty alikuwa analia na pua imekuwa nyekundu, akaniambia sasa ameelewa kuhusu midomo.

Jina letu halimo, mdogo wangu. Nimelitoa kwa mkono wangu, na kama utanuna mpaka Krismasi nitakuvumilia. Lakini nimelala usingizi ambao sijalala tangu utoto.

Jana jioni nilikuta kuni zimepasuliwa na kupangwa nje ya mlango wangu. Hakuna aliyesema ni nani.

Dada yako akupendaye,
Elva


Adelaide,
25 Septemba 2011

Dada Elva,

Salamu kwa wote, na kwa Bosi, ambaye naona sasa ni mtu mkubwa serikalini. Mpishi wa kondoo amefukuzwa, aliyekuja ni mbaya zaidi. Daktari alisema hapana tangu Mei. Sikukwambia kwa kuwa nilitaka wewe ukubali kwanza, nikidhani ukikubali na yeye atakubali. Ndiyo hivyo.

Nilikasirika, sitaficha. Barua yako ya Julai niliikunja nikaiweka chini ya godoro. Nilisema, dada yangu amepewa kitu mkononi akakitupa. Na sikuwa na uso wa kuwaambia watu hapa, maana nilishajigamba mpaka kwa mfagiaji.

Hii ya Agosti ilinikuta kwenye mashine. Nilipofika kwenye wafu wao walale nikaanza kulia, na ukiwa umefungwa mirija mkono mmoja huwezi kulia vizuri na kujifuta. Bi Myrtle akanisukumia boksi lake la karatasi laini. Nikamsomea yote, toka mwanzo, na mgongo kwa mgongo, na mbwa. Alicheka mara moja, hapo kwa karani. Kisha akarudisha macho kwenye televisheni yake, na ile mashine ikawa inazunguka tu.

Ndipo nikafikiri, Elva. Nimekaa kwenye ardhi ya mwanamke huyu muda wote huu. Nimekunywa maji yake, nimepumua hewa yake, damu yangu inasafishwa kwake. Nimekaa kwenye ukingo wa kila kiti cha mji huu kama mama, na nimelaumu viti. Na baba alitufundisha sote wawili.

Kwa hiyo nikageuka kadiri mirija ilivyoruhusu, nikasema, "Dada Myrtle, mimi ni mgeni hapa kwenu. Sikubisha hodi. Naomba kukaa."

Hakuniangalia mara moja. Alichovya vidole kwenye kikombe chake cha maji, akanyoosha mkono wake ulio huru mpaka ukanifikia, akanilowesha paji la uso.

"Tangu siku ya kwanza nilikuwa nakungoja useme," akaniambia. "Haya, karibu. Sasa niambie wewe ni wa watu gani, wa kwetu wakujue."

Nikamwambia, dada. Nilisema watu wa Mawe, nikataja baba, nikataja mama, nikataja vilima vyetu kimoja kimoja kwa majina yake ya kale, kwa sauti, mpaka wauguzi wakasimama mlangoni kusikiliza, na hakuna aliyenikatiza.

Mdogo wako,
Noreen